Namna ya Kuiwezesha Dawa ya Kusafishia Lenzi za Macho Kuua Vijidudu

Dawa nyingi za kusafishia lenzi za kuvaa machoni huuzwa kwa ahadi kwamba huua asilimia 99.9 ya bakteria, na mtu anayeisoma ahadi hiyo dukani huelewa kwamba akiloweka lenzi zake usiku kucha, asubuhi atavaa kitu kisicho na kijidudu hata kimoja. Ahadi yenyewe si ya uongo, lakini imetokana na kipimo cha maabara chenye masharti yake, na nyumbani masharti hayo hutimizwa na mvaaji mwenyewe, kwa mikono yake, kila anapovua lenzi. Mwongozo huu unaeleza hatua za kufuata pamoja na sababu ya kila hatua, kwa kuwa mtu huacha kwa urahisi jambo ambalo haelewi linamkinga na nini.

Maelezo haya yanamhusu anayevaa lenzi laini za kutumika kwa wiki mbili, mwezi mmoja au zaidi, zikiwemo lenzi za rangi ambazo wengi huzivaa kwenye harusi na sherehe za kuagwa bibi harusi. Lenzi za siku moja hutupwa jioni na hazihitaji dawa yoyote. Lenzi ngumu zina dawa zake, ambazo hazibadilishwi na hizi.

Kinachopimwa maabara

Kiwango kinachotumika kimataifa kupimia dawa hizi ni ISO 14729, kilichotolewa mwaka 2001. Wapimaji huchukua dawa ikiwa peke yake, kisha hutia humo vijidudu vya aina tano: bakteria watatu, ambao ni Pseudomonas aeruginosa, Staphylococcus aureus na Serratia marcescens, na fangasi wawili, ambao ni Candida albicans na Fusarium solani. Dawa huachwa ifanye kazi kwa muda ule ule wa kuloweka ulioandikwa kwenye chupa, ambao mara nyingi ni saa nne hadi sita, kisha vijidudu vilivyobaki hai huhesabiwa. Ili dawa ifaulu sharti la msingi, kila aina ya bakteria lazima ipungue mara elfu moja, na kila aina ya fangasi lazima ipungue mara kumi.

Hesabu hiyo inafaa kutazamwa kwa makini. Tuseme kila mililita ya dawa imetiwa bakteria 1,000,000. Dawa ikibakiza 1,000 kati yao imefaulu, na ndiyo maana ya asilimia 99.9. Kwa upande wa fangasi, ikiwa walitiwa 1,000,000, dawa inaruhusiwa kubakiza hata 100,000, kwa sababu sharti lao ni asilimia 90 tu. Dawa nzuri huvuka viwango hivyo kwa mbali, lakini mnunuzi anayesoma chupa hawezi kujua ni kwa kiasi gani.

Dawa iliyoshindwa sharti la msingi haikataliwi papo hapo. Ikionyesha nguvu ya kiasi fulani, inaruhusiwa kupimwa kwa njia ya pili, ambayo huangalia utaratibu mzima: lenzi zilizotiwa vijidudu husuguliwa, husuuzwa na kulowekwa kama maelekezo yanavyosema, kisha huhesabiwa vijidudu vilivyobaki kwenye kila lenzi. Maana yake ni kwamba dawa inaweza kuwa imeidhinishwa kwa msingi wa kusuguliwa na kusuuzwa. Mvaaji anayeziacha hatua hizo mbili anatumia dawa ambayo kwa namna hiyo haijawahi kufaulu kipimo chochote.

Yapo pia mambo ambayo kipimo cha msingi hakiyagusi. Ndani ya dawa inayopimwa hakuna lenzi, ilhali lenzi laini hunyonya maji na baadhi yake hunyonya pia kemikali inayoua vijidudu, hivyo nguvu ya dawa iliyomo kwenye kikasha hupungua kadiri saa zinavyopita. Mwaka 2014 kilitolewa kiwango kingine, ISO 18259, kinachoelekeza namna ya kupima dawa ikiwa pamoja na lenzi ndani ya kikasha, na kwangu mimi hatua hiyo ni ushahidi kwamba wataalamu wenyewe waliliona pengo. Tena, amiba (kijidudu cha seli moja) aitwaye Acanthamoeba hayumo katika orodha ya vijidudu vitano, wala virusi havimo. Nitawarudia hao baadaye.

Hatua ya kwanza: jua ulichonunua

Si kila chupa inayowekwa kwenye rafu ya vifaa vya lenzi ina dawa ya kuua vijidudu. Kwa kuwa maandishi ya chupa nyingi zinazofika Afrika Mashariki ni ya Kiingereza, tafuta neno “disinfecting”. Ukikuta limeandikwa “saline” peke yake, hayo ni maji ya chumvi yaliyotakaswa kiwandani, nayo yanafaa kusuuzia tu. Ukiloweka lenzi humo usiku kucha unakuwa umevipa vijidudu mahali pa kuishi. Matone ya kulainisha jicho nayo hayaui kitu kwenye lenzi. Jihadhari hasa na kichupa kidogo kisicho na jina la mtengenezaji, tarehe ya mwisho wa matumizi wala orodha ya viambato, ambacho hutolewa bure pamoja na lenzi za rangi zinazouzwa saluni au mitandaoni. Kitupe, hata kama muuzaji ni mtu unayemwamini, kwa sababu naye hajui kilichomo.

Dawa zenyewe ziko za aina kuu mbili. Ya kwanza, ambayo ndiyo ya kawaida, ni ile inayofanya kazi zote kwa pamoja: kusafisha, kusuuza, kuua vijidudu na kuhifadhi. Kemikali zinazoua ndani yake ni kama polihekzanidi au polikwaterniamu, na huwekwa kwa kiasi kidogo sana ili jicho lizistahimili, kwa kuwa lenzi hutoka kwenye kikasha na kwenda moja kwa moja machoni. Dawa nyingi za polihekzanidi huwa na asilimia 0.0001 ya kemikali hiyo. Daktari anapomtibu mgonjwa aliyeshambuliwa na Acanthamoeba hutumia matone ya polihekzanidi hiyo hiyo, lakini kwa asilimia 0.02, yaani nguvu iliyozidi ya kwenye kikasha mara 200, na mgonjwa huyatia kila saa mwanzoni na kuendelea na tiba kwa miezi. Tofauti hiyo inaonyesha jinsi nafasi ya dawa ya kikashani ilivyo finyu, na kwa nini kuipunguzia nguvu hata kidogo ni hatari.

Aina ya pili ni peroksaidi ya hidrojeni ya asilimia 3, ambayo huua kwa nguvu zaidi na haiachi kemikali ya kuhifadhi kwenye lenzi. Ina masharti yake, nami nimeitengea sehemu yake hapa chini. Ipo pia dawa ya ayodini, iliyoanzia Japani, ambayo haipatikani kwa urahisi katika maduka yetu.

Hatua ya pili: mikono mikavu, na maji yakae mbali

Nawa mikono kwa sabuni isiyo na mafuta wala manukato makali, suuza vizuri, kisha ikaushe kabisa kwa taulo safi au karatasi isiyoacha nyuzi. Watu wengi hunawa vizuri na kuharibu kazi yote kwa kushika lenzi mikono ikiwa bado ina matone. Tone moja la maji ya bomba linatosha kumfikisha amiba kwenye lenzi.

Maji ndiyo adui ambaye wavaaji hawamwogopi inavyostahili. Acanthamoeba huishi katika maji ya bomba, ya kisima, ya bwawa la kuogelea, ya bahari na hasa ya tangi lililokaa juu ya paa, ambamo tope hutulia chini na utando huota kwenye kuta. Mazingira yakimkalia vibaya, hujifunga ndani ya ganda lenye kuta mbili, na klorini inayotiwa kwenye maji ya bomba haimwui akiwa humo. Anapobebwa na lenzi hadi kwenye konea, yaani kile kioo cha mbele cha jicho, husababisha ugonjwa wenye maumivu makali na tiba ndefu.

Kwa hiyo lenzi hazisuuzwi kwa maji ya bomba, wala ya chupa ya kunywa, wala yaliyochemshwa, kwa sababu maji ya kunywa si maji yaliyotakaswa kwa ajili ya jicho, na yaliyochemshwa huchafuka tena yanapopoa na kumiminwa. Usijitengenezee maji ya chumvi nyumbani. Katikati ya miaka ya 1980 nchini Marekani wavaaji waliokuwa wakiyeyusha vidonge vya chumvi katika maji yasiyotakaswa walishambuliwa na Acanthamoeba kwa idadi iliyowashtua madaktari, na uchunguzi ukaonyesha kwamba maji hayo ya kujitengenezea yalikuwa chanzo kikubwa. Mate ni mabaya vilevile, kwani kinywa kimejaa bakteria.

Anayetia udhu mara tano kwa siku hana haja ya kuvua lenzi kila mara. Kuosha uso hakuhitaji maji yaingie ndani ya jicho. Fumba macho kwa nguvu kidogo, osha uso, kisha kausha kope na nyusi kabla ya kuyafumbua. Kwa kuoga bafuni na kuogelea, ushauri ni kuvua lenzi kwanza.

Hatua ya tatu: sugua, kisha suuza

Anza na lenzi ya jicho moja, siku zote lile lile, ili usizichanganye. Ilaze kwenye kiganja ikiwa imeangalia juu kama bakuli, itie matone kadhaa ya dawa, kisha isugue kwa ncha ya kidole kwa kwenda na kurudi, wala si kwa kuizungusha, maana mzunguko huweza kuichana pembeni. Endelea kwa sekunde zipatazo ishirini, geuza, sugua upande wa pili. Halafu suuza pande zote mbili kwa dawa inayotiririka kutoka kwenye chupa kwa sekunde kadhaa, hata kama unajiona unamwaga dawa ya bei.

Kuna dawa zilizowahi kuuzwa kwa sifa ya kutohitaji kusuguliwa, na bado utakutana na mtu anayekwambia jambo hilo limepitwa na wakati. Usimsikilize. Lenzi inayotoka jichoni imebeba protini na mafuta ya machozi, vipodozi na vumbi, na bakteria hujibanza ndani ya uchafu huo mahali ambapo kemikali hafifu haifiki upesi. Kusugua huondoa uchafu pamoja na sehemu kubwa ya vijidudu hata kabla kemikali haijaanza kufanya kazi, na kwa amiba na fangasi, ambao dawa huwashinda kwa shida, kuwaondoa kwa kidole na kuwasuuza ni kinga kubwa kuliko kutegemea wafie kikashani.

Hatua ya nne: dawa mpya, na muda wake

Mimina dawa mpya kwenye kikasha kisafi na kikavu hadi kwenye mstari, au hadi lenzi izame yote. Hatua hii inaonekana ndogo, lakini historia yake ni nzito.

Mwanzoni mwa mwaka 2006 madaktari wa Singapore na Hong Kong waliona wavaaji wa lenzi wakija na vidonda vya konea vilivyosababishwa na fangasi Fusarium, jambo ambalo lilikuwa la nadra kwa wavaaji. Muda si mrefu Marekani nayo ikaanza kuripoti wagonjwa, na uchunguzi ukaelekea kwenye dawa moja, ReNu with MoistureLoc ya kampuni ya Bausch & Lomb, ambayo iliondolewa sokoni duniani kote mwezi Mei mwaka huo. Nchini Marekani peke yake wagonjwa 164 walithibitishwa, na takriban theluthi moja yao walihitaji kupandikizwa konea ya mtu mwingine. Dawa hiyo ilikuwa imefaulu vipimo, na Fusarium alikuwa miongoni mwa vijidudu vilivyopimwa. Kilichotofautiana ni matumizi. Wachunguzi walipowahoji wagonjwa waliona kwamba tabia ya kuongezea dawa mpya juu ya ile ya jana ilihusiana na kuugua, na maabara zilionyesha kwamba dawa ile ilipokauka kwenye kikasha iliacha utando ambao fangasi waliweza kujificha ndani yake. Watafiti wengine walipendekeza sababu ya ziada, kwamba chupa zilizohifadhiwa kwenye joto kali zilipoteza uwezo wa kuzuia fangasi.

Mwaka mmoja baadaye, Mei 2007, dawa nyingine, Complete MoisturePlus ya kampuni ya Advanced Medical Optics, iliondolewa sokoni baada ya kuhusishwa na wagonjwa wa Acanthamoeba. Hiyo nayo ilikuwa imefaulu vipimo, kwa kuwa amiba hakuwa katika vipimo hivyo.

Kutokana na hayo, kanuni ni kwamba dawa iliyolala na lenzi usiku mmoja humwagwa yote asubuhi. Imekwisha nguvu kwa kupambana na uchafu na kwa kunyonywa na lenzi, na kuiongezea mpya ni kuipunguzia nguvu ile mpya. Najua sababu inayowafanya watu waongezee: chupa ni ghali, na katika miji mingi ya kwetu hupatikana katika maduka machache. Mtu ambaye gharama inambana afadhali avae miwani siku nyingi na lenzi siku chache, akitumia dawa kamili siku hizo chache, kuliko kuvaa kila siku kwa dawa iliyopunjwa.

Muda nao haupunguzwi. Ikiwa chupa inasema saa sita, basi kipimo kilifanywa kwa saa sita, na lenzi iliyovuliwa saa tano usiku na kuvaliwa saa tisa alfajiri kwa ajili ya daku haijakamilisha muda wake. Siku kama hizo vaa miwani hadi muda utimie.

Hatua ya tano: kikasha

Chukua kikasha unachokitumia sasa, kimwage, kisha pitisha kidole safi ndani ya kile kishimo na kuzunguka hesi za kifuniko. Ukihisi utelezi mwembamba usioondoka kwa kusuuza tu, huo ni utando wa bakteria: wamejigandisha kwenye plastiki na kujifunika kwa ute wao wenyewe, na wakiwa humo hustahimili kemikali ambayo ingewaua kwa urahisi kama wangekuwa wanaelea. Bakteria wanaokuwa chakula cha amiba ndio hao, kwa hiyo kikasha chenye utando huwakaribisha wote wawili. Katika vifaa vyote vya mvaaji, kikasha ndicho huwa kichafu zaidi, na ndicho kinachosahauliwa.

Kila asubuhi, baada ya kuvaa lenzi, mwaga dawa yote, sugua ndani ya vishimo na vifuniko kwa kidole safi chenye dawa, suuza kwa dawa mpya na wala si kwa maji, pangusa kwa karatasi safi laini, kisha kiache wazi kikiwa kimeinamishwa juu ya karatasi kavu. Usikirudishe bafuni. Hewa ya bafuni ina unyevu na rasharasha za maji kutoka chooni na kwenye sinki, na kikasha kisichokauka hakina faida ya kusafishwa. Mahali pazuri ni chumbani, penye hewa, mbali na vumbi la dirisha.

Hata kikisafishwa hivyo, kibadilishe angalau kila baada ya miezi mitatu, na kwa maoni yangu kila unapofungua chupa mpya, ambayo kwa kawaida huja na kikasha chake. Usikichemshe kwa kudhani umekitakasa upya. Vikasha vingi havikutengenezwa kwa ajili ya maji ya moto, huweza kupinda, na vifuniko visivyoziba sawasawa huvujisha dawa.

Ukitumia peroksaidi

Peroksaidi ya asilimia 3 ikiingia jichoni huunguza, na kwa sababu hiyo chupa zake huwa na ncha nyekundu ya kuonya. Hutumika ndani ya kikasha chake maalumu cha kusimama, chenye kisahani kilichopakwa madini ya platinamu, ambacho huivunja peroksaidi polepole kuwa maji na oksijeni. Ukikitazama kikasha mara tu baada ya kukifunga utaona mapovu madogo yakipanda kwa wingi kutoka kwenye kisahani na kutoka kupitia kitundu cha kifuniko. Mapovu hayo husaidia pia kung’oa uchafu.

Nguvu ya peroksaidi hushuka kwa kasi katika dakika za mwanzo, na kuanzia hapo hushuka taratibu hadi itakapokuwa salama kwa jicho, ambapo kwa dawa nyingi ni baada ya saa sita. Usivae lenzi kabla ya muda huo hata kama mapovu hayaonekani tena. Usitumie kikasha cha kawaida cha vishimo viwili, kwa kuwa hakina kisahani na peroksaidi itabaki na ukali wake hadi asubuhi. Kisahani huchoka, tumia kikasha kipya kinachokuja na kila chupa. Usichanganye peroksaidi ya lenzi na ile ya kuoshea vidonda inayouzwa duka la dawa, ambayo haikutengenezwa kwa ajili hii.

Udhaifu wake ni kwamba, baada ya kuvunjika, kinachobaki ni maji ya chumvi yasiyo na kinga. Kijidudu kitakachoingia au kilichonusurika kinaweza kuzaliana tena. Mtu anayevaa lenzi mara moja kwa wiki asiziache humo siku zote hizo. Afuate idadi ya siku iliyoandikwa kwenye chupa, na ikipita aziloweke upya katika peroksaidi mpya kabla ya kuvaa. Kwa mvaaji wa namna hiyo lenzi za siku moja ni chaguo bora zaidi, pale zinapopatikana.

Chupa yenyewe

Andika tarehe ya kuifungua kwa kalamu ya wino usiofutika. Dawa nyingi huagiza itupwe siku 90 baada ya kufunguliwa, nyingine mapema zaidi, na tarehe hiyo haihusiani na ile ya mwisho wa matumizi iliyochapwa kiwandani. Ncha ya chupa isiguse kidole, lenzi wala kikasha. Usihamishie dawa kwenye kichupa kidogo cha safari, kwa sababu kichupa hicho hakijatakaswa; nunua chupa ndogo iliyojazwa kiwandani. Katika miji ya joto kama Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani, na ukinunua iliyopangwa kwenye dirisha la duka linalopigwa na jua mchana kutwa, omba nyingine kutoka ndani.

Pale dawa isipofika

Baada ya kufuata yote haya bado kuna mipaka. Acanthamoeba waliojifunga ndani ya ganda hustahimili dawa nyingi za matumizi yote kwa muda wa kuloweka wa kawaida, na hata peroksaidi ya kikasha cha kisahani, kwa kuwa nguvu yake hushuka haraka, haiwamalizi kwa uhakika. Kinga yake ni kumzuia asifike, ndiyo maana nimesisitiza maji kuliko jambo lingine lolote.

Virusi navyo havipimwi chini ya ISO 14729. Ugonjwa wa macho mekundu ulipoenea Tanzania mwanzoni mwa mwaka 2024, mvaaji aliyeugua hakuwa na sababu ya kuitegemea dawa yake imtakasie lenzi. Katika hali hiyo lenzi huvuliwa mara moja, na lenzi hizo pamoja na kikasha hutupwa. Miwani huvaliwa hadi jicho lipone kabisa, na lenzi mpya huanza na kikasha kipya na chupa mpya.

Kulala na lenzi kunaipita dawa yoyote, kwa kuwa lenzi iliyolala jichoni haikulowekwa. Tafiti za Australia na Marekani ziliona kwamba kati ya wavaaji 10,000 wa lenzi laini wanaozivua kila jioni, takriban wawili hadi wanne kwa mwaka hupata maambukizi ya konea, ilhali kwa wanaolala nazo idadi hiyo hufika ishirini hivi.

Jicho likianza kuuma

Maumivu, wekundu, kuumizwa na mwanga, ukungu wa macho au usaha baada ya kuvaa lenzi ni dharura. Pseudomonas anaweza kuiharibu konea ndani ya siku moja au mbili. Vua lenzi zote mbili, hata kama jicho moja ndilo linalouma, na usizirudishe kujaribu kama zitakaa.

Usinunue matone duka la dawa kwa kumweleza muuzaji dalili. Baadhi ya matone yanayouzwa kwa macho mekundu yana steroidi, kama deksamethasoni, ambayo hutuliza wekundu kwa siku chache huku ikimpa fangasi au amiba nafasi ya kuchimba zaidi, na mgonjwa hufika hospitali akiwa amechelewa. Usitie asali, maziwa wala dawa ya majani.

Nenda siku hiyo hiyo kwa daktari wa macho, na beba lenzi ndani ya kikasha chake pamoja na dawa iliyomo bila kuimwaga wala kukisafisha, na chupa uliyokuwa ukiitumia. Maabara inaweza kuotesha vijidudu kutoka kwenye kikasha hicho, na mara nyingine kikasha hutoa jibu ambalo kipande kidogo kilichokwanguliwa kwenye konea hakikutoa. Mwambie daktari mapema kwamba unavaa lenzi, umelala nazo au la, na kama maji yaligusa jicho ukiwa umezivaa, kwa sababu dalili za Acanthamoeba mwanzoni hufanana na za herpesi ya jicho, na daktari asiyejua habari ya lenzi anaweza kuanza tiba ya ugonjwa usiokuwepo.

Dawa ile ya kikashani ikiwa imeshamwagwa, chukua kikasha kitupu hivyo hivyo.